Intaneti Kutoka Nyumbani Hadi Ghalani



Huko Bara, katika Mikoa ya Iringa na Mbeya, nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma na mabati. Mtu aliyetia intaneti sebuleni akivuka ua kwenda ghalani, mawimbi hukatika. Si ajabu: mabati huyarudisha, na ukuta mnene huyameza. Kununua ruta yenye nguvu zaidi hakusaidii sana, kwani simu iliyo ghalani haina nguvu ya kuijibu.

Dawa ni waya. Ule wa shaba hufaa mpaka mita 100, na mwisho wake hufungwa kifaa cha kurusha mawimbi upya. Lakini Rungwe na Mufindi ni nchi za mvua na radi, kama Pemba wakati wa masika. Shaba iliyopita baina ya majengo mawili huweza kuingiza nguvu ya radi na kuunguza vyombo vya pande zote mbili. Kwa hiyo bora waya wa nyuzi za kioo usio na chuma ndani: hupitisha mwanga, si umeme, nao huvuka mita 100 bila taabu. Ufukiwe katika bomba, usikatwe na jembe.

Penye bonde hufungwa antena mbili zinazotazamana. Mti ukiziba njia, kazi imeharibika. Na mkarafuu haukatwi kwa ajili ya intaneti!

Mwenye kutaka kamera ya kulinda karafuu kavu usiku, na apime kwanza masafa kwa kamba, ndipo aende dukani.