Kampuni Inapanuka, Ujumbe Unakwama Malaba

Kazi katika kampuni ya uhusiano wa umma inayokua haraka ina utamu wake, na si ajabu vijana wanaosomea mawasiliano Nairobi huitamani. Leo unaandika taarifa ya benki, kesho unaandaa hafla ya kampuni ya mbegu, keshokutwa umeitwa kwenye mradi wa serikali. Ila wateja huingia kabla wafanyakazi wapya hawajaajiriwa, kwa hivyo mtu mmoja hurundikiwa kazi za watatu. Tena mteja anayelipa ada kila mwezi hudai ripoti kila mwezi. Kinachohesabika upesi ni habari zilizochapishwa, dakika za redioni na waliotazama mtandaoni. Aliyekusudiwa na ujumbe hahesabiwi. Hapo ndipo kazi hii huharibika, na nadhani mpaka wa Kenya na Uganda, pale Busia na Malaba, huonyesha kasoro hiyo waziwazi kuliko ofisi yoyote ya Westlands, Nairobi.

Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa upande mmoja badala ya kusimamishwa mara mbili. Kwa watu wa mawasiliano, siku kama hiyo ni sikukuu: marais wawili, utepe, picha za ukurasa wa kwanza. Mama anayevusha mahindi au maharagwe ana haja nyingine kabisa. Anataka kujua kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale mpakani. Anataka pia kujua kwamba vibali vya afya ya mimea na ubora bado vinadaiwa, maana kumwambia “hakuna ushuru” na kuishia hapo ni kumtega. Maelezo hayo hayaenei kwenye bango. Yanataka mtu akae sokoni, aulizwe, abishiwe, ajibu kwa Kiswahili, Kiteso au Kikhayo. Siku nzima ya kazi hiyo haizai hata habari moja gazetini, basi kampuni iliyopewa kandarasi ya kuyaeleza, ikiwa imelemewa, huchapisha vijikaratasi na kuhamia kwa mteja mwingine. Na njia za panya hazijakosa wapitaji.

Kuna atakayesema njia za panya hazitokani na ujinga bali na usumbufu, na kwamba sera mbaya haiponywi kwa maneno. Ana hoja. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani wakipinga kupimwa korona tena upande wa Uganda kwa dola 30, hata kwa wale waliokuwa na vyeti walivyopimiwa Kenya. Foleni ikanyooka kilomita nyingi, bei ya mafuta ikapanda Uganda, hadi sharti hilo likasitishwa kwa madereva. Hakuna taarifa, hata ingeandikwa kwa ufundi gani, ambayo ingemfanya dereva alipie mara mbili kwa moyo mkunjufu. Lakini mshauri aliyewasikiliza madereva wakilalamika anaweza kumwonya mteja mapema, na onyo hilo ndilo lenye thamani kuliko taarifa kumi. Anayesema “mimi hupeleka tu maneno ya mteja” akumbuke Bell Pottinger ya London: Septemba 2017 ilifukuzwa kwenye chama cha kampuni za fani hiyo Uingereza kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini, ikaporomoka mwezi huohuo.

Hoja kwamba ukuaji huleta ajira siipingi. Fani hii imewapa vijana mishahara na uzoefu. Ila kijana hujifunza kile anachopimwa nacho. Akipimwa kwa vipande vya magazeti, atakuwa bingwa wa kukusanya vipande, na atachoka kabla ya kuijua nchi anayoiandikia. Kwa hiyo mashirika na wizara zinazotoa kandarasi ziandike siku za kukaa mpakani ndani ya mkataba, na zizilipie. Nawe kijana unayeitwa usaili, uliza mapema: ni wateja wangapi nitakaobeba, na nani atanilipia nauli ya kwenda Malaba?