Je, Wajua? Chaji ya Kishikwambi cha Karani

Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 na ile ya Tanzania ya Agosti 2022 zilifanyika kwa vishikwambi badala ya makaratasi. Kwa karani anayeshinda katika kijiji kisicho na umeme, chaji ikiisha kazi imesimama. Je, wajua kwamba:

• Mara nyingi kinachokula chaji zaidi ni mwanga wa skrini, wala si dodoso? Penye mtandao hafifu mambo huharibika zaidi, maana kifaa hutafuta minara muda wote. Programu nyingi za kukusanya takwimu hufanya kazi bila mtandao: zima data na laini, jaza dodoso, kisha tuma majibu ukifika penye mtandao. GPS bado itanasa mahali ulipo kupitia setilaiti, ingawa huenda ikachelewa kidogo.

• Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haikupi zote hizo? Kipimo hicho ni cha betri ya ndani, yenye volti 3.7. Umeme ukipandishwa hadi volti 5 za waya wa USB, kwa hesabu hubaki 7,400, na nyingine hupotea kama joto. Soma maandishi madogo mgongoni: kiasi halisi mara nyingi ni 6,000 na ushee.

• Joto huzeesha betri za lithiamu? Usiache kifaa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Ukikihifadhi kwa miezi, kiache na chaji nusu, si asilimia 100.