Mwezi wa Tatu Pwani: Upepo Ukigeuka, Tusikimbilie Kupanda

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Machi, swali ni lile lile kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu: je, tupande sasa ama tungoje? Leo mawingu meusi yanatanda, mvua inanyesha nusu saa, watoto wanacheza kwenye madimbwi. Kesho yake jua linawaka kana kwamba hakukuwa na kitu. Wiki inapita bila tone. Mama aliyenunua pakiti mbili za mbegu ameshazitia ardhini, zimechipua, na sasa zinanyauka akiziona. Pesa za pakiti nyingine hana, na huenda hata zile za kwanza alikopa kwenye kikundi. Jambo hili si dogo, kwa hivyo tumeonelea tulieleze kwa urefu.

Tuanze na upepo, kwa sababu huku kwetu mvua hufuata upepo. Kuanzia Desemba hadi mwanzo wa Machi tunakuwa na kaskazi. Upepo huu hutoka upande wa Arabuni na Somalia, na hewa yake ni kavu. Ndiyo maana Januari na Februari ni miezi ya vumbi. Mji wa Mombasa kwa wastani haupati hata milimita 20 za mvua mwezi mzima wa Februari. Kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba ama Oktoba tunakuwa na kusi, ambao husafiri mbali sana juu ya Bahari Hindi kabla ya kutufikia, ukifika umeshiba maji. Mabaharia wa jahazi waliijua tofauti hii tangu zamani: walikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, na kurudi kwao kwa kusi.

Katikati ya pepo hizi mbili kuna majuma machache ambayo hayana mwenyewe. Wazee wa bahari huyaita maleleji, ama tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kwenda huku ama kule. Asubuhi upepo ni wa bara, mchana ni wa bahari, jioni hakuna upepo kabisa na watu wanalala nje kwa joto. Huo ndio mwezi wa Machi.

Kisa chake ni jua. Tarehe 20 au 21 Machi jua liko juu ya ikweta kabisa, na Kenya yetu imekatwa na ikweta. Mombasa joto la mchana hufika nyuzi 32 ama 33, na bahari nayo imepata moto. Hewa moto hupanda juu. Pepo za kaskazini na za kusini huja kukutana hapo, zinapanda pamoja, zinapoa huko juu, na unyevu wake unageuka mawingu. Ukanda huu wa makutano ndio unaoleta mvua, na mwezi huu unatoka kusini ukielekea kaskazini. Lakini usidhani unakwenda kama gari moshi lenye saa zake. Unasogea, unasita, unarudi nyuma, halafu unasogea tena. Siku ukiwa juu yetu tunapata radi na mvua, ukirudi nyuma tunapata jua kali. Kwa hivyo mvua ya kwanza ya Machi si ahadi kwamba mvua ndefu imefika.

Tena kuna jambo ambalo ndugu zetu waliotoka bara hulisahau. Huko kwao mvua ndefu huwa kubwa zaidi mwezi wa Aprili. Pwani mwezi mkubwa ni Mei, kusi ukishashika sawasawa. Mombasa hupata zaidi ya milimita 200 mwezi huo peke yake, na mvua huendelea mpaka Juni. Hata saa zake si moja: bara mvua hunyesha sana alasiri, lakini huku kwetu wakati wa kusi hupenda kunyesha usiku na alfajiri. Yaani mtu wa Pwani anayengoja mwisho wa Machi ama hata wiki ya pili ya Aprili hajachelewa. Tunalisema hili kwa sababu tunawaona watu wakifuata kalenda ya bara iliyochapishwa kwenye vitabu, wakipata hasara.

Na Pwani yenyewe si moja. Ukanda ulio karibu na bahari, kama Msambweni, hupata mvua nzuri. Ukienda ndani, Kinango ama Ganze, mvua hupungua haraka, na jirani wa kilomita thelathini anaweza kuvuna wewe ukakosa.

Kuna mgeni mwingine anayevuruga mambo wakati huu, nayo ni dhoruba kubwa za kusini mwa Bahari Hindi, upande wa Madagascar na Msumbiji. Msimu wake ni Novemba hadi Aprili. Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, ni nadra sana zitufikie zenyewe, lakini huvuta hewa na unyevu kutoka mbali. Machi 2019 dhoruba Idai ilipiga mji wa Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Huku Kenya mvua ndefu zikachelewa, watu wakatazama mbingu mwezi mzima. Mwaka mmoja nyuma, Machi 2018, dhoruba mbili, Dumazile na Eliakim, zilikuwa upande wa Madagascar, na mambo yakawa kinyume: zilisaidia kuvuta hewa yenye unyevu kutoka upande wa Kongo, Kenya ikapata mvua nyingi kupita kiasi. Kwa hivyo dhoruba ikitajwa redioni usiseme moja kwa moja kwamba ni neema ama ni ukame. Inategemea imekaa wapi. Ile ya Hidaya ilitukaribia kuliko tulivyozoea: tarehe 4 Mei 2024 ilifika pwani ya Tanzania karibu na kisiwa cha Mafia, na huku kwetu tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ikatolewa.

Sasa tuje kwenye utabiri. Idara ya hali ya hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner huko Nairobi, hutoa utabiri wa msimu wa Machi, Aprili na Mei kabla msimu haujaanza, kisha wa mwezi, wa wiki na wa kila siku. Wengi wetu tunausikia ule wa msimu, tunaushika huo tu, kisha tunalaumu. Lakini utabiri wa msimu hauwezi kukwambia siku ya kupanda. Unaeleza tu uzito wa mizani umeelemea wapi. Tuseme umeambiwa nafasi ya mvua kuzidi kawaida ni asilimia 45, ya kuwa ya kawaida ni 35, na ya kupungua ni 20. Watu husikia "mvua nyingi inakuja" wanaenda nyumbani. Kumbe hiyo asilimia 20 ni mwaka mmoja katika kila mitano. Ukiwa na watoto wa kulisha, mmoja katika mitano si kitu cha kudharau.

Hata neno "kawaida" lina upana wake. Wataalamu huhesabu kuwa ya kawaida mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Kama wastani wa mahali pako kwa msimu ni milimita 500, basi 375 ni kawaida na 625 pia ni kawaida. Mahindi yako hayataziona hizo mbili kuwa kitu kimoja! Na tena, milimita 400 zikinyesha kwa siku sita kisha jua likawaka wiki tatu, kwenye hesabu ni msimu wa kawaida na shambani ni njaa. Ushauri wetu: utabiri wa msimu ukusaidie kuchagua mbegu na kutengeneza mitaro; ule wa wiki ndio ukusaidie kuamua siku. Kila kaunti ina afisa wa hali ya hewa. Kikundi kiulize kwake, maana utabiri wa Nairobi si wa Magarini.

Kabla ya kupanda, ardhi yenyewe iulizwe. Chimba kwa jembe. Kama unyevu umefika shibiri moja ama zaidi, na mvua imenyesha zaidi ya siku moja, na utabiri wa wiki unaonyesha nyingine njiani, tia mbegu. Kama juu ni tope na chini ni vumbi, ngoja. Wakati wa kungoja si wa kukaa. Shamba liwe limelimwa tayari. Tena usipande mbegu zote siku moja. Panda sehemu, weka akiba. Kunde na pojo zinakomaa upesi kuliko mahindi, na muhogo ukishashika huvumilia jua kwa kiasi ambacho mahindi hayawezi. Watu wa Kilifi na Kwale waliopita kwenye ukame wa kati ya 2020 na 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, hawahitaji kufundishwa hili.

Kikundi chaweza pia kupima mvua chenyewe. Mkebe wenye kuta zilizonyooka, uwekwe mahali pa wazi mbali na miti, na rula ya mtoto wa shule. Pima kila asubuhi saa tatu, andika kwenye daftari, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hivyo paa la mabati la mita mraba 30 likipata milimita 20 hutoa lita 600, yaani mitungi 30 ya lita ishirini, ijapokuwa kiasi fulani kitamwagika. Mvua inayopita milimita 20 kwa siku huhesabiwa kuwa kubwa. Mwenye mabati bila mifereji anatupa maji, halafu Agosti atayanunua.

Kwa wavuvi, Machi ni mwezi wa hila. Bahari inaonekana shwari, na mwenye ngalawa anavutwa kwenda mbali. Lakini mawingu ya radi huleta upepo wa ghafla dakika chache kabla ya mvua, na bamvua la mwezi huu ni kubwa kuliko la miezi mingine: Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mkondo kwenye milango ya miamba huwa mkali. Ukiona wingu limesimama kama mnara na chini yake kumekuwa cheusi, geuza chombo mapema. Idara ikitangaza upepo wa zaidi ya noti 25, vyombo vidogo vibaki ufukweni, na kabla ya kutoka siku yoyote, mwambie mtu wa nyumbani umeelekea upande gani na utarudi saa ngapi.