Homa ya Saa Nane ya Usiku na Namba 111

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya ugonjwa unaoanza saa nane ya usiku. Sisemi ajali ya barabarani, wala mtu aliyeanguka akapoteza fahamu. Hayo kila mtu anajua ni ya kukimbilia hospitali. Nasema juu ya mtoto ambaye mwili unamchemka lakini bado ananyonya, sikio linalouma hadi mtu mzima anatoa machozi, mzee aliyetapika mara tatu tangu magharibi. Si mambo ya kuitia gari la wagonjwa, na pengine si ya kungoja kuche. Saa hizo kila nyumba huwa na madaktari wanne: jirani, shangazi, mwenye duka la dawa na fedha iliyomo mfukoni. Huyo wa nne ndiye hushinda.

Waingereza wana namba 999 ya hatari ya maisha tangu mwaka 1937. Lakini kwa wagonjwa hawa wa katikati hawakuwa na jibu, na mwaka 2004 mambo yakazidi kuwa magumu, kwa kuwa mkataba mpya uliwaruhusu madaktari wa mitaani kujitoa katika kazi ya usiku na ya mwisho wa juma. Ilikuwapo huduma ya simu ya wauguzi, NHS Direct, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1998. Namba yake ilikuwa ya tarakimu nane na mpigaji alilipia. Hebu niambie, nani atakumbuka tarakimu nane huku mtoto analia? Ndipo Agosti 2010, huko County Durham na Darlington, ikajaribiwa namba ya tarakimu tatu, 111, isiyolipiwa, mchana na usiku. Mwaka 2013 ikatangazwa kwa Uingereza nzima.

Anayepokea simu hiyo kwanza si daktari wala nesi. Ni mtu aliyefunzwa kusoma maswali yanayotolewa na programu ya kompyuta. Unapumua vizuri? Unatoka damu nyingi? Kifua kinauma? Wengi hukasirika: nimesema sikio, mbona unaniuliza kifua? Lakini hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Maswali huanza na yale yanayoua upesi, yakiondolewa hayo hushuka kwenye madogo. Programu haijaribu kujua ugonjwa wako unaitwaje. Inatafuta mambo mawili tu: mgonjwa huyu aonwe na nani, na ndani ya muda gani.

Jibu likipatikana, hatua hufuata papo hapo. Ikiwa ni hatari, gari la wagonjwa huagizwa bila wewe kupiga simu ya pili. Ikiwa si hatari, muuguzi au daktari hukupigia, au unapewa saa ya kufika kwenye kliniki ya usiku, au unaelekezwa duka la dawa lililo wazi, au unaambiwa kunywa maji na kulala. Nyuma ya yule msomaji wa maswali kuna orodha ya huduma zote za eneo lako na saa zake za kufunguliwa. Kwa maoni yangu orodha hiyo ndiyo roho ya mpango mzima, ingawa haionekani katika tangazo lolote.

Haikuwa rahisi. Mwaka 2013 ilipoanza, sehemu nyingi simu zililia bila kupokelewa, na hospitali zikajaa walewale waliokusudiwa kupunguzwa. NHS Direct, waliokuwa wamepata mikataba 11 kati ya 46, walitangaza Julai mwaka huohuo kwamba wanajitoa. Zamani simu moja iliwaletea zaidi ya pauni 20. Kwa mpango mpya walilipwa kati ya pauni 7 na 9. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Liko na la uchungu zaidi. Desemba 2014, huko Cornwall, mtoto wa mwaka mmoja alifariki kwa sumu ya vijidudu kuenea mwilini. Uchunguzi uliotolewa Januari 2016 ulionyesha kwamba madaktari walipitwa na dalili, na mpokeaji wa simu ya 111 hakutambua uzito wa hali. Karatasi ya maswali haisikii sauti ya mama inavyotetemeka. Baada ya hapo waliongezwa wauguzi, wafamasia na madaktari wa kusikiliza simu, na tangu mwaka 2024 aliyezidiwa na msongo wa akili huchagua 2 akapelekwa kwa wahusika.

Wenye ndugu huko, waambieni kwamba anayepiga anaweza kuomba mkalimani kwa kutaja tu lugha yake, Kiswahili kikiwamo. Mgeni wa matembezi hatozwi kwa ushauri wa 111. Akilazwa hospitali ni habari nyingine, bili inaweza kumfuata.

Na sisi? Mwaka 2020, wakati wa Korona, Wizara yetu ya Afya iliwataka wananchi kupiga 199 bila malipo, na mwaka 2023 Marburg ilipotokea Kagera namba hiyohiyo ikatangazwa tena. Kwa hiyo kupiga simu juu ya afya si jambo geni kwetu. Lakini simu ya mlipuko humjibu kila mtu kwa maelezo yaleyale, na simu ya saa nane ya usiku yataka jibu la mtu mmoja, mtaa mmoja. Anayeipokea lazima ajue kwamba pale Mbagala zahanati fulani iko wazi, ina mganga wa zamu na ina dawa ya mtoto. Na ajue hivyo usiku huu, kwa sababu mganga aliyekuwapo jana huenda leo amesafiri kwenda msibani.