U-Roy: Sauti iliyotoka upande wa pili wa santuri

Mwanzoni mwa mwaka 1970, wasikilizaji wa redio nchini Jamaica walishuhudia jambo ambalo halikuwa la kawaida. Nafasi tatu za juu katika orodha ya nyimbo zilizopendwa zilishikwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mwimbaji. Hakutunga muziki wa nyimbo hizo wala hakupiga chombo chochote. Kazi yake ilikuwa kusema: kupaza sauti, kutania, kuwajibu waimbaji waliokwisha kurekodi kabla yake, na kuwahimiza watu wacheze.

Jina lake halisi lilikuwa Ewart Beckford, lakini ulimwengu ulimfahamu kama U-Roy. Alipofariki dunia mjini Kingston tarehe 17 Februari 2021, akiwa na umri wa miaka 78, wanamuziki wa reggae, dancehall na hata rap walimtaja kuwa mwalimu wao. Si kwamba alikuwa mtu wa kwanza kushika kipaza sauti katika dansi za Kingston. Count Machuki na King Stitt walimtangulia, na yeye mwenyewe hakuchoka kumtaja Machuki. Tofauti ni kwamba kabla ya U-Roy maneno ya msemaji kwa kawaida yalipotea hewani usiku ule ule wa dansi. Baada yake, yaliuzwa madukani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno DJ linahitaji kufafanuliwa hapa. Nairobi au Dar es Salaam, DJ ni yule anayechagua na kupiga nyimbo. Jamaica mtu huyo huitwa selekta. DJ wa Kijamaika ndiye mwenye kipaza sauti, na kazi yake inakaribia zaidi ile ya mghani kuliko ya mpiga santuri. Wawili hao hufanya kazi mbele ya kile kinachoitwa saundi sistimu, yaani mitambo mikubwa ya muziki yenye maspika marefu kama makabati, ambayo hupakiwa kwenye lori na kusimamishwa uwanjani. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu maskini wa Kingston hawakuwa na uwezo wa kuingia katika kumbi za bendi, na wengi hawakuwa na gramafoni nyumbani. Mitambo hiyo ndiyo iliyokuwa redio yao na ukumbi wao.

Beckford alizaliwa tarehe 21 Septemba 1942 katika mtaa wa Jones Town, katika familia ya Waadventista Wasabato. Mama yake alipiga kinanda kanisani. Jina la U-Roy lilitokana na mtoto mdogo katika ukoo wao ambaye ulimi wake haukuweza kulitamka jina Ewart. Mwaka 1961 alianza kazi katika mitambo iliyoitwa Dickie's Dynamic, akapitia mitambo mingine kadhaa, na mwishoni mwa muongo huo akafika kwa fundi aliyeibadili kazi yake yote.

Fundi huyo ni Osbourne Ruddock, maarufu kwa jina la King Tubby, mtengenezaji wa redio na vipaza sauti wa mtaa wa Waterhouse. Ili kuelewa walichokifanya wawili hao, ni lazima kurudi nyuma kidogo, kwenye kosa moja la studio.

Mmiliki wa mitambo kutoka Spanish Town, Ruddy Redwood, alikwenda katika studio ya Treasure Isle kuchukua santuri laini ya majaribio ya wimbo wa kundi la Paragons. Inasimuliwa kwamba fundi alisahau kufungulia sauti za waimbaji, na santuri ikatoka na ala tupu. Redwood hakuirudisha. Aliipiga katika dansi yake, mara tu baada ya wimbo wenye sauti, na umati wote ukaimba wenyewe maneno yaliyokosekana.

Watayarishaji wa muziki waliielewa maana ya jambo hilo upesi, nayo ilikuwa maana ya fedha. Wimbo uleule, bila sauti, ungeweza kuwekwa upande wa pili wa santuri bila kuilipa bendi mara ya pili. Tubby alikwenda mbele zaidi. Aliondoa sauti na baadhi ya ala, akaacha besi na ngoma, kisha akarudisha kipande cha sauti hapa na pale kikiwa kimezungukwa na mwangwi. Katika nafasi zile tupu ndimo U-Roy alimokaa.

Ufundi wake ulikuwa katika kupima wakati. Mwimbaji akisema mstari, U-Roy humdakia, humuunga mkono au humcheka, kisha humwachia tena nafasi. Anayejua ngonjera atalitambua jambo hili mara moja: watu wawili wanajibizana, ila mmoja wao alikwisha kuondoka studioni miaka miwili au mitatu iliyopita. Wanaodhani kwamba kusema juu ya wimbo wa mwenzio ni kazi rahisi wangefaa kujaribu.

Santuri zake za mwanzo zilitengenezwa na Keith Hudson na Lee Perry. Ile ya Perry hufunguliwa na Peter Tosh akitamka maneno ya Kiamhari, miaka mitatu hivi baada ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia kuzuru Kingston mwezi Aprili 1966 na kupokewa na umati mkubwa wa Marasta. U-Roy naye alikuwa Rasta, na alibaki hivyo maisha yake yote.

Mafanikio makubwa yalikuja kupitia kwa John Holt wa Paragons, aliyemsikia U-Roy katika dansi akisema juu ya wimbo wa kundi hilo, *Wear You to the Ball*. Badala ya kukasirika, Holt alikwenda kumwambia mtayarishaji wake, Duke Reid. Reid, aliyewahi kuwa polisi na ambaye hakuachana na bastola zake hata studioni, alikuwa na ghala zima la nyimbo zilizopendwa miaka michache nyuma. Alimwita U-Roy. *Wake the Town*, *Rule the Nation* na *Wear You to the Ball* ndizo santuri tatu zilizotawala orodha ile ya mwaka 1970.

Kwa Duke Reid, hii ilikuwa mara ya tatu kuuza muziki uleule. Desturi ya Kingston wakati huo ilikuwa kumlipa msanii mara moja siku ya kurekodi, na kanda ikabaki mali ya mtayarishaji. Sheria ya Jamaica yenyewe ya hakimiliki haikuanza kutumika hadi mwaka 1993. Kwa hiyo mtu angeweza kushika nafasi tatu za juu na bado akaendelea kutegemea kipato cha usiku mmoja wa dansi hadi mwingine.

Albamu ya *Dread in a Babylon* ya mwaka 1975, iliyotayarishwa na Tony Robinson na kusambazwa na kampuni ya Virgin ya Uingereza, ilimtoa nje ya kisiwa. Hata hivyo, uamuzi wake mkubwa zaidi katika muongo huo haukuwa wa kurekodi. Pamoja na kuanzisha lebo zake ndogo, Del-Ma na Mego-Ann, mwaka 1978 alianzisha mitambo yake mwenyewe, Stur-Gav, jina alilolitoa kwa wanawe. Aliyekuwa akisemea mitambo ya watu wengine sasa alikuwa na maspika yake, na akawapa vijana kipaza sauti.

Ranking Joe alisemea hapo, akiwa na selekta Jah Screw. Wakati huo Kingston haikuwa mahali pa utani. Kampeni za uchaguzi wa mwaka 1980 ziligeuka mapigano ya mitaa kati ya wafuasi wa vyama viwili vikuu, na watu wapatao 800 waliuawa nchini kote. Dansi nyingi zilivunjika. Joe na Screw waliondoka, na U-Roy akaanza upya na vijana wengine wawili, Josey Wales na Charlie Chaplin. Majina hayo yote yametoka sinemani, kama ilivyokuwa kawaida ya madijei wa Kingston, ambao walipenda filamu za kivita na za vichekesho kuliko vyeti vyao vya kuzaliwa. Wawili hao walikuwa miongoni mwa sauti kubwa za dancehall ya mwanzo wa miaka ya 1980, hata kabla ya King Jammy, mwanafunzi wa Tubby, kutoa mwaka 1985 mdundo wa Sleng Teng uliotoka katika kinanda kidogo cha umeme cha Casio na kuufanya muziki wote wa Kingston uingie katika zama za kompyuta.

Mbegu nyingine ilikwisha kuvuka bahari. Clive Campbell, kijana wa Kingston aliyehamia New York mwaka 1967, ndiye DJ Kool Herc, ambaye tarehe 11 Agosti 1973 alipiga muziki katika sherehe ya dada yake mtaani Bronx, sherehe inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop. Alibeba desturi ya maspika makubwa na ya kusema juu ya muziki. Vijana wa Dar es Salaam walioanza kughani kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliipokea desturi hiyo kutoka Marekani, ilhali wenzao wa Kampala walioimba ragga waliichukua moja kwa moja kutoka Jamaica.

U-Roy aliishi California kwa miaka kadhaa, akarekodi London na Mad Professor katika miaka ya 1990, na mwaka 2007 serikali ya Jamaica ikamtunukia nishani ya Order of Distinction. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 na bado alipanda jukwaani barani Ulaya. Albamu yake ya mwisho, *Solid Gold U-Roy*, ilitoka mwezi Julai 2021, miezi mitano baada ya kifo chake. Ndani yake wamo Ziggy Marley, Shaggy na wengine, wakiimba nyimbo za zamani, huku yeye akiwajibu.