Simu ya Nahodha Isikilize AIS ya Chombo Chake

Programu zinazoonyesha meli kwenye ramani ya simu zimeenea kiasi kwamba nahodha wa boti ndogo anayevuka kati ya Dar es Salaam na Unguja anaweza kudhani hahitaji kitu kingine. Akifungua simu anaziona meli za mizigo zilizotia nanga nje ya bandari, anaziona boti za mwendokasi zikienda na kurudi, na moyo wake unatulia. Nasema utulivu huo hauna msingi. Programu za namna hiyo zinamfaa mtu wa nchi kavu anayetaka kujua meli itafika lini. Aliye baharini anapaswa kuunganisha simu au kishikwambi chake moja kwa moja na transponda ya AIS iliyomo chomboni mwake, na siku hizi kazi hiyo hufanyika bila waya na bila intaneti.

Sababu utaiona ukifuata njia inayopitiwa na taarifa yenyewe. AIS ni mfumo wa redio wa vyombo kujitambulisha. Kila chombo chenye transponda hutangaza namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 9, mahali kilipo, kasi yake na uelekeo wake, kwa masafa mawili ya VHF: megahezi 161.975 na 162.025. Meli kubwa zinazosafiri kimataifa, ambazo Mkataba wa SOLAS, wa kimataifa kuhusu usalama wa maisha baharini, unazilazimisha kuwa na mtambo huu, hutumia daraja A na zikiwa safarini hutangaza kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Boti ndogo hutumia daraja B, ambalo aina yake ya kawaida ina nguvu ya wati 2 na hutangaza kila sekunde 30. Antena iliyo karibu hulinasa tangazo hilo papo hapo. Programu ya intaneti hulipata kwa kuzunguka: kituo cha nchi kavu kilipokee, kilipeleke kwenye seva, kisha seva ilifikishe kwenye simu kupitia mnara wa simu. Kila hatua inaweza kuchelewesha, na pasipo kituo wala mnara hakuna kinachofika. Boti inayokwenda kilomita 55 kwa saa husogea zaidi ya mita 900 kila dakika. Taarifa ikichelewa dakika 5, ramani inaionyesha kilomita 4 na nusu nyuma ya mahali ilipo kweli. Kwa tofauti hiyo nahodha anaweza kuamua kupita mbele ya boti ambayo tayari imemfikia.

Kuunganisha kwenyewe si kazi ngumu. Baadhi ya transponda huja na Wi-Fi ndani yake. Nyingine hufungiwa kisanduku kidogo kinachopokea data kwa waya na kuirusha hewani. Kinachorushwa ni mistari ya maandishi. Taarifa za vyombo vingine huanza na !AIVDM, na za chombo chako huanza na !AIVDO. Simu hujiunga na mtandao huo wa Wi-Fi, kisha kwenye mipangilio ya programu ya ramani unaandika anwani ya kisanduku na namba ya poti, mara nyingi 10110 au 2000. Ukichagua utaratibu wa kutuma data uitwao UDP, data inaweza kutangazwa kwa vifaa vyote vilivyo kwenye mtandao. Ukichagua TCP, kila kifaa hufunguliwa njia yake, na visanduku vingi vina kikomo cha idadi. Usisahau kuingiza namba yako mwenyewe ya utambulisho, kwa sababu programu isipokujua inaweza kukuhesabu kama chombo kigeni na kupiga kengele kwamba unakaribia kujigonga. Baada ya hapo, ukigusa alama ya meli yoyote unaoneshwa mtakaribiana kwa umbali gani na baada ya dakika ngapi.

Wapo wanaosema Wi-Fi haiaminiki na simu huzima. Ni kweli. Simu nyingi zikikuta mtandao usio na intaneti huuacha zenyewe na kurudi kwenye data ya kampuni ya simu, hivyo zima uhamaji huo kabla ya safari, na uweke chaja kwenye umeme wa chombo. Lakini simu ikizima, transponda haizimi: inaendelea kukutangaza kwa meli nyingine. Ndiyo maana simu iwe skrini ya ziada tu, na chombo kisiutegemee mtandao huo kwa kazi nyingine ya lazima. Wengine wanahofia wadukuzi. Badilisha nenosiri la kiwandani, na jua kwamba AIS yenyewe hutangazwa wazi kwa kila mwenye kipokezi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ngalawa, mitumbwi na mashua nyingi za pwani yetu hazina AIS kabisa, kwa hiyo skrini tupu haimaanishi bahari tupu. Nalikubali, na ni pingamizi linaloikabili programu ya intaneti vilevile. Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini inakitaka kila chombo kilinde kwa macho na masikio wakati wote, pamoja na kila njia nyingine inayopatikana. Transponda ni mojawapo ya njia hizo nyingine. Mvuvi asiye na taa usiku anaweza kuonekana kwa macho ya baharia aliye macho, na simu haitamwona.

Basi unaponunua transponda, uliza kama inatoa data kwa Wi-Fi, na uifanyie jaribio moja ukiwa bado gatini: zima data ya simu kabisa, subiri dakika chache, kisha tazama ramani. Meli zikiendelea kusogea, simu inaisikiliza transponda yako. Zikiganda au kutoweka, usiondoke mpaka umerekebisha.