Mtawanya wanapotafuta kazi isiyo na mteja

Basi la kwenda Lindi huwa halijasimama sawasawa Kibiti kabla vijana hawajaliparamia madirishani. Mkono mmoja umebeba pakiti za korosho za kukaanga, mwingine umekunja chenji, na jicho linamchunga dereva. Wana dakika moja, pengine mbili, za kumshawishi abiria wasiyemjua anunue kitu ambacho hakukipangia. Basi likiondoka kabla ya chenji kurudishwa, kijana atalikimbiza, na humo ndani wapo watakaocheka wakitazama kama atalifikia.

Kazi hiyo ina wenyewe, na wanaoijua huipenda. Ila katika wilaya hiyohiyo, ukiingia vijiji vya kata ya Mtawanya, hukosi mtu ambaye yuko tayari kupalilia shamba zima la mikorosho juani kuliko kusimama kwenye dirisha la basi hata nusu siku. Si mvivu, wala si mwenye kiburi. Hataki tu riziki yake ipite mdomoni.

Mtu wa namna hiyo hana ushauri wa kumfaa. Kila anayemshauri humwambia afungue genge, achukue pikipiki ya mkataba, awe wakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu au akaange mihogo jioni. Zote hizo ni kazi za kuongea na watu kutwa. Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zinatakiwa kuikopesha, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huombwa kwa andiko, na humo swali la soko lako liko wapi halikosekani. Anayejua kulima na hajui kubembeleza mnunuzi huonekana hana mpango.

Wanaofundisha ujasiriamali husema mteja ni mfalme. Wafike wauze duka kijijini. Huko mfalme ni mjomba wako.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nipe sukari nusu na sabuni ya mche. Si unalijua jina langu?"

Jina unalijua, na kwenye daftari lipo tangu Mfunguo Mosi uliopita. Ukutani umebandika karatasi ya kukopa harusi kulipa matanga, mjomba ameisoma, amecheka, na sukari amechukua. Ukimnyima, Ijumaa ijayo habari itakuwa imeshafika kwa mama yako. Baada yake atakuja mtani, naye hahitaji hata daftari, kwa kuwa utani unampa ruhusa ya kukutukana na kupunguziwa bei kwa pamoja. Maduka mengi ya vijijini hufa kwa mtaji ulioishia ndani ya daftari, na anayelaumiwa ni mwenye duka, kwamba hakujua biashara.

Hapo ndipo ninapowatetea watu hawa wasiopenda kuuza. Wengi wao hawakimbii watu. Mwaka 1998 ulianza mradi wa watafiti wa afya, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, wa kufuatilia kaya za Rufiji, eneo ambalo Kibiti ilikuwa sehemu yake kabla haijawa wilaya. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba, mara kadhaa kwa mwaka, wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na kwa maradhi gani. Kazi hiyo ni ya mazungumzo mwanzo hadi mwisho, na baadhi ya mazungumzo ni mazito kuliko bei ya sukari. Lakini mhojaji hamuuzii mtu kitu, na akiondoka hakuna anayemdai wala anayedaiwa naye. Mpe mtu mkimya kazi ya namna hiyo, ataifanya vizuri pengine kuliko msemaji, maana anajua kusikiliza. Kinachomchosha ni kubishana bei, kukopwa, na kutabasamu wakati hujisikii. Tatizo ni kwamba nafasi kama hizo ni za kuhesabika, na nyingi zinataka cheti.

Zamani bonde la Rufiji lilikuwa na ajira tele ya aina hii, isiyo na mteja, ingawa hakuna aliyeiita ajira. Mkulima alipanda mpunga, mto ukafurika, maji yakishuka akapanda mahindi ya mlau kwenye tope jipya. Kati ya kupanda na kuvuna alihamia shambani na kuishi juu ya dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, akilinda shamba. Mchana aliamia ndege kwa kombeo na kelele za debe. Usiku ulikuwa wa nguruwe pori na viboko. Waliokuja kwake walikuwa waharibifu, si wanunuzi, na nguruwe hakopi. Kwenye Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye miinuko ili wapate shule, zahanati na barabara. Shule walipata. Shamba likabaki mbali, na maisha ya dunguni yakawa ya kwenda na kurudi. Katika vijiji vilivyojengwa kando ya barabara, kuuza kitu kukawa jambo la kila siku.

Kule chini kwenye delta kulikuwa na mkata boriti. Mikoko ya Rufiji ndiyo misitu mikubwa kuliko yote ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa karne nyingi majahazi yaliingia kwenye milango ya mto kuchukua boriti za kupeleka Unguja na hadi Ghuba. Upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe huko ulifuata urefu wa boriti. Aliyezikata alishinda kwenye tope la mikoko na shoka lake, akipokezana na maji kupwa na maji kujaa, akalipwa kwa korija, yaani kila miti ishirini. Kuzungumza na nahodha ilikuwa kazi ya mfanyabiashara. Mkataji hakuwahi kumwona mwenye nyumba ambaye dari yake aliibeba begani, na bei ya korija ilipofika Maskati hakuijua. Hilo la pili ndilo lililomgharimu.

Nenda kwa wavuvi wa kaa leo, utalikuta jambo lilelile likiwa hai kabisa. Mvuvi huingia mikokoni maji yakipwa, akatafuta shimo, akatia kulabu la chuma na kumvuta kaa taratibu asije akavunjika gando. Hufungwa kamba magando yote mawili, awekwe kivulini penye unyevu, kwa sababu soko la nje linamtaka akiwa hai. Kaa wengi wa mikokoni katika pwani yetu huishia Uchina. Kazi nzima ni ya ukimya, na wapo vijana walioipenda kwa sababu hiyo. Kisha mvuvi hupanda na tenga lake, na pale gatini hana wateja. Ana mtu mmoja tu.

Huyo mmoja ndiye tajiri. Ndiye mwenye mizani. Yeye husema huyu ni mkubwa, huyu mdogo, huyu ni laini ametoka kujivua gamba, hana uzito, mtupe pembeni. Mara nyingi yeye ndiye aliyemkopesha mvuvi mtumbwi, au fedha za msiba wa mwezi jana, kwa hiyo kaa wa leo walishauzwa kabla hawajavuliwa. Muuza korosho wa dirishani akitukanwa na abiria mmoja anamgeukia wa pili. Mvuvi wa kaa akigombana na tajiri, kaa wake watamfia mkononi. Kuwa na wateja hamsini kunachosha. Kuwa na mteja mmoja ni kuwa na bosi ambaye hakulipi mshahara. Ndiyo maana nasita ninaposikia kijana akisifiwa kwamba amepata mnunuzi wa uhakika, hana haja ya kuhangaika na soko.

Kwa Mtawanya, mahali ambapo mteja ameondolewa kweli ni kwenye korosho, na aliondolewa kwa sheria. Zamani mnunuzi alikuja mpaka uwanjani kwa mkulima, na bado wapo wanaokuja, kwa njia za panya. Kangomba, yaani mnunuzi huyo wa magendo, hupiga hodi katika miezi ambayo ndani hamna kitu, mikorosho ikiwa bado maua, akanunua mavuno ambayo hayajaonekana. Hupima kwa bakuli badala ya mizani. Bei anayotoa ni ya chini sana, lakini analipa sasa hivi, hana fomu, hana foleni, na mazungumzo huisha kabla chai haijapoa. Kwa mtu asiyependa majibizano, kangomba ni mgeni mstaarabu mno.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuja kumziba huyo. Sheria ilipitishwa mwaka 2005, na korosho ikaingizwa msimu wa 2007 ikianzia Mtwara. Pwani nayo ikafuata. Sasa mkulima huokota korosho, huitenganisha na bibo, huianika hadi ikauke vizuri, akaichambua na kuipeleka chama cha msingi. Pale hupimwa, hupangwa daraja, naye akapewa stakabadhi. Korosho yake huchanganywa na ya wenzake, ikaenda ghala kuu, ikapigwa mnada chini ya chama kikuu cha ushirika. Mnunuzi, awe wa Dar es Salaam au wa India, ananunua shehena. Hajui kama kuna mtu Mtawanya, na wa Mtawanya hajui sura yake. Fedha huingia benki, makato yakiwa yameshatolewa.

Kwa mkulima mkimya ni kama mfumo ulishonwa kwa vipimo vyake. Hata kazi inayotangulia haina porojo: kati ya Mei na Agosti mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, na kijana mwenye mashine ya kupulizia hukodiwa shamba kwa shamba. Makubaliano ni simu moja. Mashine ikiwaka, hata mwenye shamba akitaka kupiga soga haisikiki.

Lakini mfumo huu nao una mdomo wake, sema umehamishiwa mkutanoni. Makato ya safari hii ni ya nini? Magunia yamechelewa kwa nini? Kwa nini zangu zimeandikwa daraja la pili wakati za jirani, tulioanika uwanja mmoja, ni la kwanza? Bei imesomwa kwenye mnada, fedha hazijaingia, karani anasema benki, benki inasema chama. Mkimya hukaa benchi la nyuma, akaondoka na maswali yake. Wanaosimama na kuuliza ndio wanaochaguliwa kwenye bodi ya chama, na wao ndio wanaoamua. Nimekaa kwenye mikutano ya vyama vya ushirika sehemu mbalimbali za Pwani, na sijawahi kuona mwenye shamba bora akiwa ndiye anayeongea sana.

Mwaka 2018 ulionyesha mambo haya kwa ukubwa wake. Wakulima wa kusini walikataa bei za mnadani zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaenda kubeba. Kabla ya kulipwa kukawa na uhakiki: aliyeleta mzigo mkubwa aliulizwa shamba lake liko wapi. Walioulizwa na wakakosa jibu walikuwa kangomba, na nyuma ya kila gunia lao palikuwa na mkulima aliyekwishauza kimyakimya kwa bakuli miezi kadhaa nyuma. Bei ilipopanda ilimkuta hana hata kilo.

Ni rahisi kumwita mjinga. Wataalamu wa kilimo humwita hivyo kwa lugha ya adabu, wakisema anahitaji elimu. Kabla ya kukubaliana nao, tazama ni nani hasa anayeokota korosho. Sehemu kubwa ni wanawake, wameinama tangu alfajiri na ndoo, watoto wakiwafuata. Kwenye daftari la chama jina mara nyingi ni la mume, na akaunti ya benki ni ya mume. Mwanamke huyo tayari ana kazi isiyo na mteja: hajui mnunuzi, hajui siku ya mnada, na siku fedha inapoingia simu inayotetemeka haiko mfukoni mwake. Nyumba nyingi hilo halina shida, wanakaa wanagawana. Nyingine, mume huonekana tena baada ya siku tatu.

Mwanamke wa nyumba ya aina hiyo husuka ukili jioni, ajipatie vijisenti vya mkeka, navyo humsubiri mchuuzi apite. Na korosho anapozitoa shambani, debe moja huliweka kando, chini ya uvungu, halifiki ghalani. Ni kosa kisheria na bei atakayopata ni ya hasara. Ila kangomba akija atampa fedha mkononi, yeye mwenyewe, mchana kweupe, na mchango wa mtihani wa mtoto utalipwa Jumatatu. Viongozi wa ushirika wanaotaka debe hilo lifike kwenye mizani wanayo njia moja iliyo karibu kuliko semina, nayo ni kulifungua daftari la wanachama na kuandika jina la pili.